Je, ni Ukuta wa Berlin ulioua Chama cha Kikomunisti cha Italia?

Ndugu Mwalimu,

Umeniandikia kwamba katika vitabu unavyofundishia historia, ukomunisti unaonekana kuwa jambo la Urusi, Uchina na Ulaya Mashariki, lakini mwanafunzi wako mmoja amesoma mahali kwamba mwaka 1976, nchini Italia, mpiga kura mmoja kati ya kila watatu alikichagua chama cha kikomunisti kwa hiari yake, katika uchaguzi huru. Unauliza kama ni kweli, iliwezekanaje, na kama chama hicho kilikufa kwa sababu Ukuta wa Berlin ulianguka.

Ni kweli. Katika uchaguzi wa Juni 1976, Chama cha Kikomunisti cha Italia kilipata asilimia 34.4 ya kura, yaani zaidi ya kura milioni 12, kikiwa nyuma kidogo tu ya Chama cha Demokrasia ya Kikristo kilichopata asilimia 38.7. Hakuna chama cha kikomunisti katika Ulaya Magharibi kilichowahi kufika hapo. Kuhusu sehemu ya tatu ya swali lako, jibu langu ni hapana: ukuta ulipoanguka ulikikuta chama hicho kikiwa kimeugua kwa zaidi ya miaka kumi, na ugonjwa wenyewe haukutoka Berlin wala Moscow. Ulitoka mashambani, viwandani na mitaani, palepale nguvu zake zilipokuwa zimetoka. Nitaifuata Italia kwa kirefu na kuitazama Ufaransa kando yake, kwa kuwa hizo ndizo nchi mbili ambako wakomunisti walikuwa umma mkubwa. Uingereza chama chao kiliambulia wabunge wawili mwaka 1945 na hakikupata mwingine tena, na Ujerumani Magharibi kilipigwa marufuku na mahakama mwaka 1956.

Chama cha Italia kilizaliwa tarehe 21 Januari 1921 katika mji wa bandari wa Livorno. Wasoshalisti walikuwa na mkutano mkuu katika jumba la maonyesho la Goldoni, na kilichowagawa ni masharti 21 ambayo Jumuiya ya Kimataifa ya Kikomunisti, yenye makao yake Moscow, ilikitaka kila chama kiyakubali kabla ya kujiunga, likiwamo sharti la kuwafukuza wanachama wenye kutaka mageuzi ya polepole. Waliokubali masharti yote walikuwa wachache. Wakatoka ukumbini, wakaenda jumba jingine la San Marco, wakaunda chama chao. Wafaransa walikuwa wamegawanyika vivyo hivyo mjini Tours mwezi mmoja kabla, ila huko waliokubali ndio waliokuwa wengi.

Hicho kilikuwa chama kidogo, na kingebaki kidogo kama si ufashisti. Mwaka 1926 Mussolini alivipiga marufuku vyama vyote vya upinzani, na Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti, akakamatwa ingawa alikuwa mbunge. Akiwa kifungoni, mgonjwa na mwenye mwili dhaifu tangu utotoni, alijaza madaftari zaidi ya 30 kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Alifariki tarehe 27 Aprili 1937, siku chache tu baada ya muda wa kifungo chake kumalizika. Swali lililomsumbua ni kwa nini mapinduzi yalifaulu Urusi na kushindwa Magharibi. Aliona kwamba katika nchi za Magharibi dola haisimami peke yake: imezungukwa na shule, makanisa, magazeti, vyama na mazoea ya watu, kwa hiyo anayetaka kuongoza nchi kama hizo hana budi kuishi kwanza ndani ya maisha ya kila siku ya raia na kukubalika humo. Ninakuomba uwasomee wanafunzi wako wazo hilo kabla ya kuwaonyesha takwimu zozote, kwa sababu chama chake kilipanda kwa kulifuata na kikashuka pale maisha hayo yalipobadilika.

Vita vilibadili mambo yote. Baada ya Septemba 1943, Wajerumani walipoikalia Italia ya kaskazini na ya kati, wakomunisti ndio waliounda vikosi vingi kuliko vyote vya wapiganaji wa msituni, vilivyoitwa Brigedi za Garibaldi. Mwezi Machi 1944 Palmiro Togliatti, aliyekuwa ameishi Moscow kwa miaka mingi, alirejea kusini mwa Italia na kuwashangaza wenzake: alisema suala la kumwondoa mfalme lingoje, na wakomunisti waingie serikalini pamoja na vyama vingine ili kwanza Wajerumani wafukuzwe. Alitaka pia chama cha aina mpya, ambacho mtu angeweza kupewa kadi yake kwa kukubali mpango wa kisiasa tu, awe anasali au hasali, awe amemsoma Marx au hajui kusoma kabisa. Chama kilichokuwa na wanachama elfu chache mwaka 1943 kilikuwa na zaidi ya milioni 1.7 mwishoni mwa mwaka 1945. Katiba ya Jamhuri, inayotumika hadi leo, ina saini ya Umberto Terracini aliyekuwa Rais wa Bunge la Katiba, mkomunisti ambaye wafashisti walimweka gerezani na uhamishoni kuanzia mwaka 1926 hadi 1943. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini Mtaliano huru alikipigia kura chama hicho aanzie kwenye saini hiyo.

Kisha Vita Baridi vikaanza. Mwezi Mei 1947 wakomunisti waliondolewa serikalini Ufaransa na Italia, nchi zote mbili ndani ya mwezi mmoja, na tarehe 18 Aprili 1948 Demokrasia ya Kikristo, ikiwa na Kanisa upande wake na fedha za Marekani mfukoni, ilishinda kwa asilimia 48.5 dhidi ya 31 za muungano wa wakomunisti na wasoshalisti. Miezi mitatu baadaye kijana mmoja alimpiga Togliatti risasi nje ya Bunge. Wafanyakazi waligoma nchi nzima, silaha zilizofichwa tangu vita zikafukuliwa, na viongozi wa chama, pamoja na Togliatti mwenyewe akiwa majeruhi, wakawasihi wafuasi wao watulie. Walitulia. Mwaka 1949 Vatikani ilitangaza kwamba Mkatoliki anayeshikilia na kueneza mafundisho ya kikomunisti amejitenga na Kanisa. Hata hivyo wengi waliendelea kubatiza watoto wao na kulipa ada ya chama mwezi uleule.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo. Ukiitazama ramani ya kura za wakomunisti utashangaa, kwa kuwa ngome zao kuu hazikuwa miji ya viwanda peke yake. Zilikuwa Emilia, Toscana na Umbria, mikoa ya wakulima waliolima mashamba ya wenye ardhi kwa mapatano ya kugawana mavuno nusu kwa nusu. Mkulima wa aina hiyo aliishi kwenye nyumba isiyo yake, alihesabiwa magunia na wakala wa mwenye shamba, na angeweza kuhamishwa na familia yake yote mwaka ukiisha. Chama kilimfikia kupitia ushirika, ligi ya wakulima na tawi la kijijini. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka mashina na matawi ya TANU hatapata taabu kuelewa: kila mtaa ulikuwa na ofisi yake, mara nyingi ndani ya jengo lililoitwa nyumba ya umma, lenye baa, meza za karata, ukumbi wa dansi na chumba cha mikutano, nalo lilijengwa na wanachama wenyewe kwa kujitolea jioni baada ya kazi.

Jumapili asubuhi wanachama walipita nyumba kwa nyumba wakiuza l'Unità, gazeti ambalo Gramsci alilianzisha mwaka 1924. Aliyefunguliwa mlango hakupokea lira chache za gazeti na kuondoka tu. Aliulizwa habari za mtoto anayeumwa, kodi ya nyumba iliyopanda, mume aliyeachishwa kazi, naye aliyabeba hayo hadi kikao cha tawi. Wakati wa kiangazi kulikuwa na sherehe za gazeti hilo, ambapo akina mama walikanda unga na kukunja vipande vya tambi mamia kwa mamia jikoni, wazee walichoma nyama, vijana wakahudumia meza, wote bila malipo, na fedha zilizopatikana zikaendesha chama mwaka mzima. Ninasisitiza habari za jikoni kwa makusudi. Chama kinachokusanya fedha zake kwa namna hiyo hakiwezi kukaa mbali na watu wake, maana kila mwaka kinawahitaji waje na aproni zao.

Chama kilinyimwa serikali kuu lakini kilipata manispaa. Bologna iliongozwa na Giuseppe Dozza tangu 1945 hadi 1966, na hata wapinzani walikiri kwamba mji uliendeshwa kwa usafi na kwa hesabu zinazoonekana. Karibu na Reggio Emilia, kwenye kijiji cha Villa Cella, wanakijiji waliuza kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani mwaka 1945 wakajenga shule ya watoto wadogo. Manispaa iliyoongozwa na mrengo wa kushoto baadaye ikafanya shule za namna hiyo kuwa huduma yake, na leo walimu kutoka nchi nyingi huenda kuziona. Mji huohuo una uhusiano na ukanda wetu ambao haufundishwi vya kutosha: mwaka 1970 hospitali yake ilifanya mapatano ya udugu na hospitali ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, huko Cabo Delgado, wakati Frelimo ikiwa bado na ofisi zake kuu Dar es Salaam.

Mzigo wa Moscow ulikuwepo muda wote huo, na sitaki kuufanya mwepesi. Urusi ya mwaka 1945 ilikuwa nchi iliyomvunja Hitler, na heshima hiyo ilikipa chama fahari, na fedha pia. Mwaka 1956 fahari hiyo ilipasuka. Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alifichua maovu ya mtangulizi wake Stalin mwezi Februari, na vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwezi Novemba. Togliatti aliunga mkono kuingia kwa vifaru. Giuseppe Di Vittorio, kiongozi wa shirikisho kubwa la wafanyakazi na mtoto wa vibarua wa kusini, alikuwa amelaani hadharani matumizi ya nguvu dhidi ya Wahungaria, naye akabanwa na chama chake. Wasomi 101 walitia saini barua ya kupinga, wanachama wengi wakarudisha kadi. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote la Togliatti, kwa sababu chama kilikuwa na nguvu ya kutosha nyumbani kusema ukweli, kikachagua kunyamaza. Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia, ilipovamiwa na Wasovieti mwaka 1968, mrithi wake Luigi Longo alipinga waziwazi.

Enrico Berlinguer, Msardinia mkimya aliyekuwa katibu mkuu kuanzia mwaka 1972, alikwenda mbali zaidi. Baada ya Rais Allende wa Chile, msoshalisti aliyechaguliwa kwa kura, kupinduliwa na jeshi tarehe 11 Septemba 1973, Berlinguer aliandika kwamba hata asilimia 51 ya kura haitoshi kuongoza nchi iliyogawanyika, na akapendekeza maafikiano ya kihistoria kati ya wakomunisti na Wademokrasia wa Kikristo. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 1976 aliliambia gazeti la Corriere della Sera kwamba alijiona salama zaidi upande wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Vijana wa vyuo, wanawake waliotetea sheria ya talaka, watumishi wa ofisi waliochoshwa na rushwa, wote walijumlika na wakulima na wafanyakazi wa zamani. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 34.4.

Na hapo ndipo, Ndugu Mwalimu, mteremko ulipoanza. Chama hakikupewa hata wizara moja. Kiliiwezesha serikali ya Giulio Andreotti kukaa madarakani kwa kutoipinga bungeni, kikawaomba wafanyakazi wavumilie kujibana katika mfumuko wa bei, na hakikuwa na kitu cha kuwaonyesha mkononi. Tarehe 16 Machi 1978 kundi la kigaidi la Brigedi Nyekundu lilimteka Aldo Moro, kiongozi wa Demokrasia ya Kikristo aliyekuwa mlango wa maafikiano hayo, na tarehe 9 Mei maiti yake ilikutwa ndani ya gari katikati ya Roma, hatua chache kutoka makao makuu ya vyama vyote viwili. Hakukuwa tena na mtu wa kuafikiana naye. Uchaguzi wa 1979 ulileta asilimia 30.4.

Chini ya matukio hayo makubwa kulikuwa na jambo la polepole lisiloandikwa kwenye vichwa vya habari. Wakulima wa nusu kwa nusu walikuwa wamekwisha kuhama mashamba tangu miaka ya 1950 na 1960, na watoto wao walikuwa na karakana zao, magari na nyumba walizozinunua, mara nyingi katika mikoa ileile ambayo manispaa za kikomunisti ziliiendesha vizuri. Viwanda vikubwa navyo vilianza kupunguza watu. Mwaka 1980 kampuni ya magari ya Fiat, ya mji wa Torino, ilitangaza kuachisha kazi zaidi ya watu 14,000. Wafanyakazi waliziba malango kwa siku 35, Berlinguer mwenyewe akaenda kuwaunga mkono. Lakini tarehe 14 Oktoba wasimamizi na makarani wa kampuni, waliotajwa kuwa 40,000, waliandamana mjini wakidai warudi kazini, na mgomo ukavunjika. Wafanyakazi wa upande mmoja wa lango hawakuwa tena wakizungumza kwa niaba ya waliokuwa upande wa pili. Mwaka 1985 chama kiliitisha kura ya maoni kurudisha sehemu iliyofutwa na serikali ya nyongeza ya mshahara iliyofuata kupanda kwa gharama za maisha, kikashindwa kwa zaidi ya asilimia 54. Hebu fikiria: chama cha wafanyakazi kilishindwa katika kura iliyohusu mshahara.

Katikati ya hayo kuna jioni moja ambayo Waitaliano wa umri wangu hawaisahau. Tarehe 7 Juni 1984 Berlinguer alikuwa akihutubia uwanjani mjini Padova. Sauti ilianza kukatika, mkono ukapeleka leso mdomoni, na watu waliokuwa mbele wakamwomba aache. Hakuacha. Aliwaambia wafuasi waende kufanya kazi nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kiwanda kwa kiwanda, akamaliza, akashuka. Alikuwa amepasuka mshipa ubongoni, akafariki siku nne baadaye. Zaidi ya watu milioni moja walijaa Roma kwa mazishi yake, na juma lilelile, katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, chama kiliipita Demokrasia ya Kikristo kwa mara ya kwanza na ya mwisho, asilimia 33.3 kwa 33.0. Zilikuwa kura za rambirambi. Mwaka 1987 kilishuka hadi asilimia 26.6. Ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama imara, na chama kilikuwa kimekwisha kupoteza karibu pointi nane.

Ufaransa inathibitisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Wakomunisti wa huko walikuwa chama cha kwanza nchini mwezi Novemba 1946 kwa asilimia 28. Mwaka 1978 walikuwa na asilimia 20.6, wakapitwa na Wasoshalisti wa François Mitterrand. Mwaka 1981 walipata 16, na mwaka 1986 walishuka chini ya 10. Hayo yote yalitokea kabla ya mwaka 1989, na yalikikuta chama kilichoshikamana na Moscow kuliko wenzao wa Italia. Kama Moscow ndiyo ingekuwa sababu pekee, Waitaliano waliojitenga nayo wangepona. Walichelewa kushuka, lakini walishuka, kwa kuwa migodi ya kaskazini, viwanda vya chuma vya Lorraine na karakana za Renault pale Billancourt vilikuwa vikififia kama vilivyofifia vya Italia.

Basi ukuta ulifanya nini? Uliondoa jina. Tarehe 12 Novemba 1989, siku tatu baada ya ukuta kufunguliwa, katibu mkuu Achille Occhetto alikwenda kwenye ukumbi mdogo wa mtaa wa Bolognina, mjini Bologna, ambako wazee waliopigana msituni walikuwa wakiadhimisha vita vyao vya Novemba 1944. Aliwaambia kwamba umefika wakati wa kutafuta njia mpya. Mwandishi wa habari akamuuliza kama hiyo inamaanisha chama kitabadili hata jina, naye akajibu kwamba yote yanawezekana. Kwa miezi kumi na minne matawi yalijadiliana hadi usiku wa manane, watu wazima wakalia hadharani, ndugu wakagawanyika. Tarehe 3 Februari 1991, mjini Rimini, chama kikajivunja. Wengi walihamia Chama cha Demokrasia cha Mrengo wa Kushoto, na waliokataa wakaunda Rifondazione Comunista. Mwaka 1992 wa kwanza walipata asilimia 16.1 na wa pili 5.6. Massimo D'Alema, aliyekulia ndani ya chama cha zamani, akawa waziri mkuu mwaka 1998, na Giorgio Napolitano akawa Rais mwaka 2006, wakati chama kilichowalea hakipo tena. Mwaka 2008 muungano uliowajumuisha waliobaki na jina la ukomunisti ulipata asilimia 3 na haukupeleka bungeni hata mtu mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Jamhuri ianzishwe.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kura zilikwenda wapi, wapeleke kwenye ramani hadi Sesto San Giovanni, pembeni mwa Milano, mji wa viwanda vya chuma uliowahi kuitwa Stalingrad ya Italia. Tanuru zake zilizimwa miaka ya 1990, na mwaka 2017 wakazi wake walimchagua meya wa mrengo wa kulia kwa mara ya kwanza tangu vita.

Kisha wapeleke Graz, mji wa pili kwa ukubwa nchini Austria, nchi ambayo haijawahi kuwa na chama kikubwa cha kikomunisti. Mwaka 2021 chama hicho kiliongoza uchaguzi wa mji kwa karibu asilimia 29, na Elke Kahr akawa meya. Kwa miaka mingi madiwani wake wamekuwa wakijibakizia kiasi kinacholingana na mshahara wa mfanyakazi wa kawaida, na posho iliyobaki huwapa wapangaji wanaodaiwa kodi au wanaohitaji kununua mashine ya kufulia. Katika uchaguzi wa taifa wa 2024, chama hichohicho kilipata asilimia 2.4 na hakikupata kiti.